Shaaban Robert: Karani wa Forodha Aliyewaandika Waliotengwa

Kabla ya kuanza

Mtahiniwa, katika uhakiki wa fasihi utakutana mara nyingi na dhamira ya upweke na kutengwa. Wengi huiandika kwa sentensi moja: mhusika fulani alitengwa na jamii. Kisha wanaruka kwenda hoja nyingine. Jibu la namna hiyo hupata alama chache, kwa sababu halisemi nani alimtenga, kwa kisingizio gani, na nini kilifuata. Njia nzuri ya kuielewa dhamira hii ni kusoma maisha ya mwandishi aliyeijua kwa nafsi yake, kisha kuona jinsi alivyoipeleka katika kazi zake. Mwandishi huyo ni Shaaban Robert.

Soma ukitofautisha maneno mawili. Upweke ni hali ya moyo: mtu anaweza kuwa mpweke hata akiwa katikati ya watu. Kutengwa ni tendo: kuna anayetenga na kuna anayetengwa. Mwanafunzi anayekaa peke yake chini ya mti kwa sababu amefiwa ni mpweke. Mwanafunzi anayekaa chini ya mti huohuo kwa sababu wenzake wamekubaliana wasizungumze naye ametengwa. Ukiyachanganya haya mawili katika insha, hoja yako itayumba.

1. Utoto na shule

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, eneo la Machui, karibu na mji wa Tanga. Wakati huo nchi ilikuwa chini ya Wajerumani. Wazazi wake walikuwa na asili ya Wayao, watu wa kusini, lakini yeye alikulia pwani, akajifunza Uislamu na akakifanya Kiswahili kuwa lugha ya moyo wake. Kumbuka jambo hili. Mwandishi ambaye leo tunamwita baba wa fasihi ya Kiswahili ya kisasa hakutoka katika ukoo wa watawala wala wa malenga mashuhuri wa Lamu au Mombasa. Aliingia katika nyumba ya ushairi kwa juhudi, si kwa urithi.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Tanganyika ikawa chini ya Waingereza. Shaaban alisoma Dar es Salaam kati ya mwaka 1922 na 1926, akamaliza akiwa wa pili kati ya wanafunzi 11 waliopata cheti. Kwa kijana Mwafrika wa siku hizo hapo ndipo ngazi ilipoishia. Hakukuwa na chuo kikuu nchini. Kazi iliyokuwa wazi kwake ilikuwa ukarani.

2. Karani katika miaka migumu

Mwaka 1926 aliajiriwa Idara ya Forodha, akaitumikia hadi 1944 katika vituo mbalimbali, ukiwamo Pangani. Kama unasoma kitabu hiki ukiwa Tunduma, huhitaji kuelezwa forodha ni nini. Unayaona malori yaliyopanga foleni kuelekea Nakonde, madereva wanaolala ndani ya magari yao wakisubiri karatasi, na maofisa ambao muhuri wao huamua nani apite leo na nani angoje. Karani wa forodha wa miaka ya 1930 alikaa mahali pa namna hiyo, ila bandarini. Alihesabu mali za wengine kutwa nzima, na jioni akarudi nyumbani na mshahara mdogo.

Ulikuwa mdogo kwa sababu maalumu. Utumishi wa serikali ya kikoloni ulipangwa kwa rangi: Mzungu juu, Mwasia katikati, Mwafrika chini. Mwafrika hodari wa kazi hakupanda kwa uhodari wake. Huko ndiko kutengwa kwa kwanza katika maisha ya mwandishi huyu, na angalia namna yake: hakufukuzwa, hakupigwa, hakufungwa. Aliwekewa mpaka asioweza kuuvuka.

Ongeza juu ya hayo hali ya uchumi. Mwaka 1929 ulianza mdororo mkubwa wa uchumi duniani. Bei ya mkonge, zao lililoibeba Tanga, ilianguka. Mishahara ya vibarua ilikatwa na wengi wakapoteza kazi. Mkoa wetu nao haukunusurika. Vijana wa Unyiha na Undali, yaani Mbozi na Ileje za leo, waliozoea kwenda kutafuta kazi katika migodi ya shaba ng'ambo ya mpaka, waliikuta migodi hiyo ikipunguza watu. Wengine walielekea machimbo ya dhahabu ya Lupa, upande wa Chunya. Waliacha wake, wazee na mashamba, wakaishi kambini na watu wasiojuana nao.

Katika miaka hiyohiyo Shaaban Robert alimwandikia barua ndugu yake, Yusuf Ulenge. Barua za kuanzia 1931 hadi 1958 zilihifadhiwa na baadaye zikachapishwa kitabu. Zinaonyesha jambo muhimu kwako: karani aliyehamishwa kutoka kituo hadi kituo hakukubali umbali umkate na watu wake. Aliushinda upweke kwa kalamu kabla hajawa mwandishi mashuhuri.

3. Msiba nyumbani

Mkewe Amina alifariki dunia, na mwandishi akabaki na jukumu la kulea. Alimwandikia mkewe shairi la maombolezo linalobeba jina lake, ambalo hadi leo ni miongoni mwa mashairi yake yanayosomwa sana. Aliandika pia tenzi mbili za wosia: Utenzi wa Hati kwa binti yake na Utenzi wa Adili kwa mwanawe. Habari hizi zimo katika wasifu aliouandika mwenyewe, Maisha Yangu, uliotoka mwaka 1949.

Hapa tunaona upweke halisi, ule wa moyo. Hakuna wa kulaumiwa kwa kifo. Lakini angalia alichofanya nao. Aliugeuza kuwa maneno ya kuwafaa watoto wake, na kupitia kwao watoto wa watu wengine.

4. Waliotengwa katika kazi zake

(a) Kusadikika (1951). Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kuwafundisha watu sheria. Katika kujitetea anasimulia habari za wajumbe sita: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Kila mmoja alitumwa nchi ya mbali, akarudi na mawazo ya kuijenga Kusadikika, na malipo yake yakawa kifungo. Anayetenga hapa ni utawala. Kisingizio ni uhaini. Sababu ya kweli ni woga wa mabadiliko. Mwisho wa kesi, Karama anaachiwa huru na wafungwa wanakumbukwa.

(b) Adili na Nduguze (1952). Hasidi na Mwivu wanamwonea ndugu yao wivu hadi kumtupa baharini. Adhabu yao ni kugeuzwa manyani, na Adili anaamriwa awapige kila usiku. Anawapiga akilia, kisha anawalisha kwa mkono wake. Usiishie kusema kwamba wivu ni mbaya. Sema kwamba mwandishi anaonyesha hata aliyestahili adhabu bado ni ndugu, na jamii inayomwadhibu haina ruhusa ya kumsahau.

(c) Wasifu wa Siti binti Saad. Hapa mwandishi anatoka katika nchi za kubuni. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, katika familia maskini yenye asili ya utumwa, akauza vyungu kwa kutembeza. Alipohamia mjini wapo waliomdharau kwa asili yake na kwa sura yake. Alijibu kwa sauti. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, na taarabu ya Kiswahili ikasikika pwani nzima. Alifariki mwaka 1950. Shaaban Robert, mwanamume karani, alichagua kuandika maisha ya mwanamke huyu na si ya sultani yeyote. Chaguo hilo peke yake ni hoja kuhusu msimamo wake.

(d) Kufikirika. Aliiandika katika miaka ya 1940, lakini ilitoka mwaka 1967, yeye akiwa amekwishafariki. Mwalimu anayetaka mtoto wa mfalme alelewe kwa namna mpya anaondolewa kazini, na baadaye nchi inakaribia kumwua kwa kufuata utabiri. Tena, aliyetengwa ndiye mwenye dawa ya nchi.

5. Miaka ya mwisho

Baada ya forodha alihamia idara nyingine za serikali, ikiwamo ofisi ya wilaya na ofisi ya upimaji ardhi huko Tanga. Alipata tuzo ya Margaret Wrong na nishani ya MBE ya Uingereza, akawa mjumbe wa kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Heshima ilikuja, lakini nyingi ya kazi zake zilikaa bila kuchapwa. Aliiona Tanganyika ikipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na akafariki Juni 1962, akiwa na umri wa miaka 53. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote zilitoka mwaka 1968. Hakuwahi kuzishika mkononi zikiwa vitabu.

6. Mlinganisho na nje

Miaka saba kabla ya Shaaban Robert, alizaliwa Marekani mwandishi John Steinbeck. Mwaka 1937, mdororo ukiwa bado unauma, alitoa riwaya fupi Of Mice and Men kuhusu vibarua wa mashamba ya California. Humo yumo Crooks, mtunza farasi mweusi anayelala peke yake kwa sababu ya rangi yake. Candy, mzee aliyepoteza mkono na anayeogopa kutupwa. Na mwanamke ambaye hata jina hakupewa, anajulikana tu kama mke wa Curley.

Waandishi hawa wawili wanafanana katika sababu za kutenga: rangi, umaskini, uzee, asili. Wanatofautiana katika mwisho. Kwa Steinbeck mlango haufunguki. Ndoto ya shamba la pamoja inavunjika. Kwa Shaaban Robert mlango hufunguka pale mtu mmoja anapothubutu kusema mbele ya mwenye mamlaka, na mwenye mamlaka akakubali kusikiliza. Usiharakishe kusema kwamba mmoja ana matumaini na mwingine hana. Jiulize: Shaaban Robert aliandika chini ya ukoloni. Huenda alitaka watawala wake nao wasikilize.

7. Utayatumiaje katika mtihani?

Zingatia mambo manne.

Kwanza, soma orodha ya vitabu iliyochapishwa kwenye karatasi ya mtihani. Ikiwa Kusadikika haimo, usiitumie kama riwaya yako ya kujibia. Tumia maarifa haya kuchambua riwaya zilizomo.

Pili, kwa kila mhusika jibu maswali matatu: nani anamtenga, kwa kisingizio gani, na nini kinamrudisha au kumpoteza. Mfano, katika Takadini, mila inamkataa mtoto kwa sababu ya ualbino. Sekai, mama yake, anakimbia naye ili asiuawe. Upendo wa mama na mbira anayojifunza kupiga vinampatia nafasi miongoni mwa watu. Katika Watoto wa Mama Ntilie, Zita na Peter wanatengwa na umaskini: wanakosa ada na sare, shule inawafukuza, na maisha ya jalalani yanawapokea. Wa kwanza anatengwa kwa mwili wake, wa pili kwa mfuko wa wazazi. Wajumbe wa Kusadikika walitengwa kwa fikra zao. Ukizipanga sababu hivi, una hoja tatu zisizofanana.

Tatu, husisha na jamii yako bila kuhubiri. Wapo kijana anayesukuma mkokoteni mpakani, mwenye umri wa kuwa darasani, na binti aliyeacha shule kwa mimba ambaye shoga zake hawamtembelei tena. Sentensi mbili za kweli kuhusu Tunduma, Vwawa au Mkwajuni zina uzito kuliko ukurasa wa maneno ya jumla.

Nne, usisimulie riwaya nzima. Msahihishaji anaijua. Anataka kuona wewe umeona nini.

8. Maswali ya kujipima

1. Eleza tofauti kati ya upweke na kutengwa kwa kutumia mifano miwili kutoka maisha ya Shaaban Robert.
2. Kazi ya fasihi ni kioo cha jamii. Jadili kauli hii kwa hoja tatu kutoka kila riwaya, ukitumia riwaya mbili ulizosoma na kuzingatia wahusika waliotengwa.
3. Kwa nini uamuzi wa kuandika wasifu wa Siti binti Saad unaeleza msimamo wa mwandishi? Toa hoja nne.
4. Mtazame mtu mmoja shuleni kwako ambaye hakai na wengine. Bila kumtaja jina, andika aya moja ukijibu maswali matatu ya kipengele cha 7. Kisha amua kama utaiacha aya hiyo daftarini, au kesho utakwenda kukaa naye.