Jackie Robinson

Jack Roosevelt Robinson, anayejulikana zaidi kama Jackie Robinson (31 Januari 1919 – 24 Oktoba 1972), alikuwa mchezaji wa besiboli kutoka nchini Marekani. Tarehe 15 Aprili 1947 alikuwa mtu mweusi wa kwanza kucheza katika ligi kuu za besiboli katika karne ya 20, baada ya miaka zaidi ya 60 ambayo wamiliki wa timu waliwafungia nje watu weusi. Katazo hilo halikuwa sheria iliyoandikwa, bali lilikuwa makubaliano ya kimyakimya, na kwa sababu hiyo lilikuwa gumu kulipinga.

Maisha ya awali

Robinson alizaliwa katika mji wa Cairo, jimbo la Georgia (usichanganywe na Kairo ya Misri), akiwa wa mwisho kati ya watoto watano. Wazazi wake walilima shamba la mwenye ardhi kwa kugawana naye mavuno. Baba alipoiacha familia, mama yake, Mallie, aliwachukua watoto mwaka 1920 na kuhamia Pasadena, California. Kaka yake Mack alishinda medali ya fedha ya mbio za mita 200 katika Olimpiki ya Berlin ya mwaka 1936, nyuma ya Jesse Owens.

Katika chuo kikuu cha UCLA, Jackie aliwakilisha chuo katika michezo minne: besiboli, mpira wa kikapu, futiboli ya Marekani na riadha. Besiboli ndiyo aliyoifanya vibaya zaidi hapo.

Mwaka 1942 aliitwa jeshini, na mwaka uliofuata akawa luteni. Mnamo Julai 1944, katika kambi moja ya Texas, dereva wa basi alimwamuru ahamie viti vya nyuma, naye akakataa. Alishtakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi yenye maafisa tisa, ambao walimwona hana hatia. Tukio hilo lilikuja miaka 11 kabla ya lile la Rosa Parks.

Kuingia ligi kuu

Mwaka 1945 alijiunga na Kansas City Monarchs, mojawapo ya timu za ligi za watu weusi, kwa mshahara wa dola 400 kwa mwezi. Ligi hizo zilikuwa na wachezaji hodari sana, lakini safari zilikuwa ndefu na hoteli nyingi njiani hazikuwapokea.

Tarehe 28 Agosti mwaka huo aliitwa na Branch Rickey, kiongozi wa Brooklyn Dodgers. Rickey alimtaka aahidi kwamba atavumilia matusi na vitisho bila kulipiza. Kwa mtu aliyewahi kupambana na jeshi zima kwa sababu ya kiti cha basi, ahadi hiyo haikuwa ndogo. Nia ya Rickey ilichanganya haki na biashara: alijua kuna vipaji vingi na watazamaji wengi weusi, na Monarchs hawakulipwa chochote kwa kumpoteza mchezaji wao.

Baada ya mwaka mmoja Montreal, Kanada, Robinson alipandishwa Brooklyn. Baadhi ya wachezaji wenzake walianza kuandaa waraka wa kumkataa, lakini kocha Leo Durocher akauzima. Viwanjani alizomewa, alipokea barua za kutishia kumuua, na mguu wake ulikanyagwa na viatu vya njumu. Hata hivyo alimaliza msimu wa 1947 akiwa ameiba vituo 29, kuliko mchezaji yeyote wa ligi yake. Kuiba kituo ni kukimbilia kituo kinachofuata bila kungoja mpira upigwe; ni mchezo wa kuthubutu, nao uliwavuruga sana warushaji. Alipewa tuzo ya mchezaji bora mpya, na watazamaji zaidi ya milioni 1.8 waliingia uwanja wa Brooklyn msimu huo. Mnamo Julai, Larry Doby alisajiliwa na Cleveland. Timu nyingine zilifuata polepole. Boston Red Sox walingoja hadi 1959.

Ahadi ya ukimya ilipokwisha, Robinson alianza kubishana na waamuzi kama mchezaji mwingine yeyote, na magazeti yaliyomsifu kwa upole yakaanza kumlaumu. Mwaka 1949, mwaka wake bora kuliko yote, alipiga kwa wastani wa 0.342 na kuchaguliwa mchezaji bora wa ligi. Mwaka 1955 Dodgers walitwaa ubingwa kwa kuwafunga New York Yankees. Alistaafu baada ya msimu wa 1956.

Siasa na miaka ya mwisho

Mwaka 1949 alitoa ushahidi mbele ya kamati ya bunge dhidi ya maoni ya mwimbaji Paul Robeson, jambo ambalo baadaye alilitazama kwa majuto. Vilevile alimuunga mkono Richard Nixon mwaka 1960, kisha akajutia. Alichangisha fedha kwa ajili ya chama cha NAACP, na mwaka 1964 alishiriki kuanzisha benki ya watu weusi huko Harlem.

Mwaka 1959 yeye, Harry Belafonte na Sidney Poitier waliomba michango ya kugharamia mpango wa Tom Mboya wa kupeleka wanafunzi wa Kenya katika vyuo vya Marekani. Wanafunzi 81 waliwasili Septemba mwaka huo. Baadaye mtoto wake wa mwisho alihamia Tanzania na kuwa mkulima wa kahawa.

Kisukari kilimdhoofisha moyo na macho. Mwaka 1971 mwanawe wa kwanza, aliyejeruhiwa katika vita vya Vietnam, alifariki katika ajali ya gari. Tarehe 15 Oktoba 1972, akiwa karibu kipofu, Robinson alisimama mbele ya watazamaji wa fainali huko Cincinnati na kusema angependa kumwona mtu mweusi akifundisha timu ya ligi kuu. Alifariki siku tisa baadaye. Kocha huyo, Frank Robinson wa Cleveland, ambaye hakuwa ndugu yake, alianza kazi mwaka 1975.

Tangu 1997 jezi namba 42 haitolewi tena kwa mchezaji mpya katika timu yoyote ya ligi kuu. Kila tarehe 15 Aprili, wachezaji wote huivaa.