Dian Fossey na Siri ya Gorila wa Milimani

Ndugu askari, leo tunamkumbuka marehemu Dian Fossey, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1932. Kabla ya kuja Afrika alikuwa akiwahudumia watoto walemavu. Machafuko ya Kongo yalipomfukuza huko mwaka 1967, aliingia Rwanda, na tarehe 24 Septemba akaanzisha kambi ya Karisoke baina ya milima Karisimbi na Bisoke.

Hapo aligundua mambo ya ajabu katika kujamiiana kwa gorila. Jike akipevuka huweza kuihama jamaa yake akamfuata dume mgeni. Tena, jike anyonyeshaye hapandwi kwa miaka mitatu hivi. Kwa hiyo dume mgeni anyakuapo kundi, pengine huua mtoto asiye wake. Maziwa hukauka, jike huingia joto, kisha huzaa na muuaji yule yule.

Kinga ya watoto ni dume mkuu, mwenye mgongo wa rangi ya fedha. Mwaka 1978 majangili walimwua kwa risasi Uncle Bert, mkuu wa kundi la 4. Haukupita muda mrefu, dume kijana akamwua mtoto mchanga wa kundi hilo. Basi risasi ya jangili haiishii kwa mzoga mmoja.

Fossey aliuawa Karisoke mwezi Desemba 1985, akazikwa kando ya gorila wake. Nasi wa Rusizi, tunaopakana na msitu wa Nyungwe wenye sokwe, tukumbuke kwamba doria imzuiayo jangili hulinda pia vizazi ambavyo havijazaliwa.