Gene Roddenberry: Aliondoka kabla ya mabaharia wake wa angani

DESEMBA 6, 1991, mashabiki wa Star Trek nchini Marekani walimiminika katika majumba ya sinema kuwaaga waigizaji waliowajua kwa robo karne. Filamu hiyo ya sita, The Undiscovered Country, ilikuwa ya mwisho kwa kikosi kizima cha awali. Gene Roddenberry, aliyeanzisha yote hayo, hakuwapo. Alikuwa amefariki siku 43 kabla, Oktoba 24, akiwa na umri wa miaka 70.

Alizaliwa Agosti 19, 1921, mjini El Paso, Texas, mtoto wa polisi. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili aliendesha ndege za kudondosha mabomu katika Pasifiki. Baadaye akawa rubani wa shirika la Pan Am, na mwaka 1947 alinusurika ndege ilipoanguka katika jangwa la Syria, akasaidia kuwatoa abiria motoni. Kisha naye akawa polisi mjini Los Angeles, kazi aliyoiacha mwaka 1956 ili aandikie televisheni.

Star Trek ilianza kuonyeshwa Septemba 8, 1966. Marekani ikiwa bado inatokota kwa ubaguzi wa rangi na hofu ya Warusi, Roddenberry aliweka ndani ya chombo kimoja cha angani Mmarekani, mtu mwenye asili ya Japani, baadaye Mrusi, na mwanamke Mwafrika aliyekuwa afisa wa mawasiliano. Huyo aliitwa Uhura, jina lililotokana na neno letu la Kiswahili, uhuru. Hapo nasi tuna hisa yetu.

Watazamaji hawakutosha, na mwaka 1969 kipindi kikasimamishwa baada ya sehemu 79. Marudio ndiyo yaliyokifufua. Lakini filamu ya kwanza ya mwaka 1979 ilipomeza mamilioni ya dola, kampuni ya Paramount ilimwondoa Roddenberry kwenye usukani na kumpa cheo cha mshauri. Mshauri husikilizwa akipendwa.

Jambo hilo lilimuuma zaidi katika filamu ya sita. Mwongozaji Nicholas Meyer alisimulia mapatano ya amani na Waklingoni, mfano wa wazi wa Vita Baridi vilivyokuwa vikimalizika. Ndani yake Kapteni Kirk anawachukia maadui hao, waliomuua mwanawe, na baadhi ya maafisa wanakula njama kuvuruga amani. Roddenberry alipinga vikali. Aliamini kwamba binadamu wa karne hiyo wangekuwa wameshatupa chuki. Nadhani Meyer ndiye aliyekuwa sahihi, kwa kuwa amani isiyomgharimu mtu chochote haina hadithi. Hata hivyo, ni vigumu kutomhurumia mzee aliyedhoofishwa na kiharusi, akiona watoto wake wakilelewa na wengine.

Alioneshwa filamu hiyo siku mbili kabla ya kufa. Ilipotoka, ilikuwa imetunukiwa kwake, na mwishoni saini za waigizaji saba zilijiandika juu ya nyota, moja baada ya nyingine. Mwaka 1997 roketi ilipeleka sehemu ya majivu yake angani.