Herman Hollerith na Kadi Zake

Vijana wengi wanaotumia kompyuta hawalijui jina la Herman Hollerith, na hali maisha yake yangewaeleza kwa nini faili lenye maneno machache hula nafasi kubwa katika diski.

Alizaliwa mjini Buffalo, Marekani, tarehe 29 Februari 1860, wazazi wake wakiwa Wajerumani waliohamia huko. Yasemekana shuleni alichukia sana imla, hata siku moja akaruka dirishani kuikimbia. (Wenye kuichukia imla wasijipatie udhuru hapa, maana hesabu aliijua barabara.) Mwaka 1879 alihitimu Columbia, New York, kisha akaajiriwa katika hesabu ya watu ya mwaka 1880. Makarani walijumlisha kwa mkono, na kazi ile ikachukua miaka ipatayo 7.

Safarini katika gari la moshi alimwona mkaguzi akitoboa tiketi kwa namna ya kuonyesha sura ya abiria, yaani rangi ya nywele, macho na kadhalika, ili mwingine asiitumie tiketi ile. Basi akawaza: kila mtu awe na kadi yake, na tundu liwe habari. Alipojaribu mjini Baltimore kwa orodha za waliokufa, alitumia koleo kama lile la mkaguzi. Mkono ulimuuma sana, tena koleo halikufika katikati ya kadi, na nafasi nzuri ikabaki bure. Ndipo akatengeneza chombo cha kutoboa popote.

Mwaka 1890 watu zaidi ya milioni 62 walitobolewa kadi, kila mtu yake. Sindano zilishushwa juu ya kadi. Palipokuwa na tundu, sindano ilipita ikagusa zebaki, umeme ukapita, na mshale wa kuhesabia ukasogea. Jumla ya watu wote ilijulikana kwa miezi michache tu.

Sasa itazame kadi yenyewe. Mtoto mchanga, asiye na kazi wala ndoa, alikuwa na machache ya kutobolewa kuliko babu yake, lakini kabatini kadi zao zilikuwa na unene ule ule. Diski nayo imegawanywa vijumba vya ukubwa mmoja, mara nyingi baiti 4,096. Faili la baiti 100 hupewa kijumba kizima, na baiti 3,996 zilizobaki hazipewi faili jingine. Likifika baiti 4,097, hupewa vijumba viwili. Kwa hiyo kompyuta huonyesha namba mbili: ukubwa wa faili, na nafasi lililoshika. Mafaili 10,000 ya baiti 100 yana baiti milioni moja, lakini hushika karibu milioni 41!

Hollerith alianzisha kampuni yake mwaka 1896. Alikuwa mtu mgumu, akagombana na wakubwa wa hesabu ya watu, wakaacha kukodi mitambo yake. Kampuni iliunganishwa na nyingine mwaka 1911, na tangu 1924 ikaitwa IBM. Mwaka 1928 ilitoa kadi yenye matundu membamba, safu 80 mahali pa 45, na kadi haikuongezwa ukubwa. Hollerith alifariki mwaka uliofuata, tarehe 17 Novemba.

Mwaka 1956 kampuni hiyo ilitoa mtambo wa kwanza wa diski, sahani 50 zenye kuchukua herufi milioni 5. Hizo ni sawa na kadi 62,500, kama kila kadi imejazwa safu zote 80.