Mbaruk wa Gazi: Mpaka wa Wazungu ulimtenga na kwao, kisha ukamwokoa

MUDA mrefu kabla ya Jeshi la Wanamaji la Kenya kuweka kambi Mtongwe, njia ya kusini kutoka ng'ambo hiyo ya Mombasa ilielekea Gazi, makao ya Mbaruk bin Rashid.

Alikuwa mwana wa Rashid bin Salim, liwali wa mwisho wa ukoo wa Mazrui, aliyeondolewa Mombasa na Seyyid Said mwaka wa 1837. Mbaruk alikua na kinyongo hicho, na mara kadhaa aliwaasi masultani wa Zanzibar.

Lakini hatima yake iliamuliwa Ulaya. Katika mapatano ya 1886, Uingereza na Ujerumani zilichora mstari kutoka mlango wa mto Umba hadi ziwa Victoria. Gazi ikaangukia upande wa Waingereza. Mwaka wa 1890 Ujerumani ilikubali himaya ya Uingereza juu ya Zanzibar, nayo ikapewa kisiwa cha Heligoland. Wenyeji hawakuulizwa.

Mwaka wa 1895 Waingereza walimtawaza Takaungu mtu waliyempenda wao, wakampuuza jamaa yake aliyedai haki ya urithi. Mbaruk alimpa hifadhi mlalamishi huyo, na vita vikazuka. Agosti mwaka huo, vikosi vya Admeri Rawson viliteka Mwele, ngome ya Mbaruk. Hata hivyo, mapigano ya msituni yaliendelea hadi askari walipoletwa kutoka India.

Aprili 1896, Mbaruk na wafuasi wake walivuka mpaka na kujisalimisha kwa Wajerumani. Mstari ule ule uliomweka chini ya Waingereza sasa ukawa kinga yake. Wajerumani walimpa makao Dar es Salaam. Miezi michache baadaye walimpokea pia Khalid bin Barghash, aliyekimbia mizinga ya Waingereza Zanzibar.

Mbaruk alifariki huko mwaka wa 1910, bila kurudi Gazi. Miaka minne baadaye, dola hizo mbili zilipigana. Waingereza waliiteka Dar es Salaam mwaka wa 1916, na katika vita hivyo wakamkamata Khalid. Hifadhi ya wageni hao wawili ilidumu kadiri amani ya wakubwa wa Ulaya ilivyodumu, na Mbaruk alitangulia kufa kabla haijavunjika.