August Krogh: Mtaalamu aliyepima pumzi ya samaki

Katika kipindi chetu cha wafugaji, swali moja halikauki: kwa nini samaki hufa ghafla siku za joto kali, na hali maji yanaonekana safi? Jibu tunadaiwa kwa sehemu kubwa na mtu aliyefariki zamani, August Krogh wa Denmark.

Krogh alizaliwa tarehe 15 Novemba 1874 katika mji wa Grenaa, ulio kando ya bahari. Baba yake alikuwa mjenzi wa meli. Tangu utotoni alipenda kuchunguza wadudu. Alisoma Chuo Kikuu cha Copenhagen, na mwaka 1903 akapata udaktari wa falsafa kwa utafiti wa jinsi chura anavyovuta hewa kwa ngozi na kwa mapafu. Mwaka 1905 alimwoa Marie Jørgensen, ambaye naye alikuwa mtafiti na daktari wa tiba.

Mwaka 1914, Krogh na mwenzake Richard Ege walimchunguza samaki wa dhahabu, yule mwekundu anayefugwa kwenye tangi la kioo. Walimpa dawa ya usingizi ili asihangaike, kisha wakapima oksijeni anayotumia maji yakiwa baridi na yakiwa ya joto. Kadiri joto lilivyopanda, ndivyo samaki alivyotumia oksijeni zaidi.

Sababu ni kwamba samaki hana joto lake mwenyewe kama sisi. Maji yakipata joto, mwili wake nao hupata joto, na kazi zote za ndani huenda mbio. Kwa kawaida, joto likiongezeka nyuzi 10, mahitaji ya oksijeni huongezeka mara mbili au zaidi.

Hapo ndipo hatari ilipo. Maji baridi ya nyuzi 10 hubeba takriban miligramu 11 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30, hubeba kama 7 na nusu tu. Yaani samaki anahitaji zaidi wakati ambapo maji yana kidogo. Ukimwona anahema juu juu ya maji, ujue pumzi imembana.

Watafiti waliokuja baada ya Krogh walifuga samaki wadogo wa msimu kutoka Amerika Kusini. Waliowekwa kwenye maji ya baridi kidogo waliishi muda mrefu kuliko wenzao wa maji ya joto. Lakini baridi nayo ina mpaka wake: samaki wa nchi za joto akipozwa kupita kiasi huacha kula na hushikwa na magonjwa kwa urahisi.

Mwaka 1920 Krogh alipata Tuzo ya Nobel kwa kueleza jinsi mishipa midogo kabisa ya damu inavyofunguka misuli inapofanya kazi. Lakini nyumbani kulikuwa na shida: Marie alikuwa na kisukari, ugonjwa ambao siku hizo haukuwa na dawa ya kutegemewa. Mwaka 1922 walisafiri Amerika Kaskazini, na Krogh akafika Toronto, Kanada, kulikogunduliwa insulini. Alirudi na ruhusa ya kuitengeneza, akashirikiana na daktari Hans Christian Hagedorn, na mwaka 1923 wagonjwa wa Denmark wakaanza kutibiwa. Marie aliishi hadi 1943. Krogh mwenyewe alifariki Copenhagen mwaka 1949.

Kwako mfugaji, tunaomba uzingatie haya. Weka tangi au bwawa mahali penye kivuli kiasi. Siku za joto usijaze samaki wengi, punguza chakula, na ongeza hewa kwa pampu au kwa kumwaga maji kutoka juu. Unapobadilisha maji, badilisha kidogo kidogo, maana joto likipanda au kushuka ghafla humdhuru samaki. Kipimajoto cha bei ndogo kinaweza kukuokolea samaki wako wote.