Bibi Kate Sheppard

Kate Sheppard alizaliwa katika mji wa Liverpool, Uingereza. Baba yake alikufa Kate akali kijana. Mwaka 1869 alifika New Zealand pamoja na mama yake na ndugu zake, wakakaa Christchurch. Huko aliolewa, akazaa mwana mmoja.

Siku zile watu wengi walishika ya kuwa kazi ya mwanamume ni mashauri ya nchi, na kazi ya mwanamke ni nyumba na watoto, wala hana haja ya kupiga kura. Bibi Kate hakudharau kazi ya nyumbani. Lakini aliona jinsi ulevi ulivyoharibu nyumba nyingi, na sheria za pombe zilitungwa na watu waliochaguliwa na wanaume peke yao. Basi, mwanamke angeilindaje nyumba yake, naye hana neno katika sheria?

Mwaka 1887 chama cha wanawake Wakristo waliopinga ulevi kilimpa kazi ya kuongoza shauri la kura. Mwaka 1891 wanawake zaidi ya 9,000 walitia sahihi zao katika hati ya maombi, lakini sheria haikupita. Mwaka 1892 walikuwa karibu 20,000, wakashindwa tena. Bibi Kate hakukata tamaa. Mwaka 1893 sahihi zilikaribia 32,000. Akagandisha karatasi moja na ya pili, akazivingirisha katika kipande cha mpini wa ufagio. Urefu wake ulikuwa kama mita 270. Barazani, Sir John Hall aliikunjua hati hiyo sakafuni, hata mpini ukagonga ukuta.

Waziri Mkuu, Richard Seddon, alijaribu kwa siri kumgeuza mjumbe mmoja aikatae sheria. Wajumbe wawili waliokuwa wakiipinga wakachukizwa na hila hiyo, wakaikubali. Kura zilipohesabiwa, 20 zilikubali, 18 zilikataa. Tarehe 19 Septemba 1893 Gavana akatia sahihi yake, na wanawake wote, Wazungu na Wamaori, wakapata haki ya kupiga kura. Mwaka uo huo zaidi ya 90,000 walipiga kura, wala nyumba zao hazikuvunjika.

Mwaka 1933 mwanamke wa kwanza alichaguliwa kuingia Barazani. Bibi Kate aliiona siku hiyo, akafa mwaka 1934.

Wanafunzi, angalieni: aliyeshindwa mara mbili alishinda mara ya tatu. Haba na haba hujaza kibaba.